Kilomita Nne Kinyumenyume

Kwa Baba Mkubwa kulikuwa na sharti moja ambalo hata mgeni aliambiwa kabla hajapewa maji ya kunywa: usigonge bodi ya gari lake. Ungeweza kuliegemea, kulipanda, hata kulicheka kwa rangi yake ya njano iliyobabuka. Lakini kulipiga kwa kiganja, kama watu wote wanavyofanya wanapomwambia dereva aondoke au asimame, hilo hapana. Watoto wa jirani walilijua. Mama Mkubwa alilijua tangu siku za uchumba. Wapakiaji wa kiwanda cha mikate, alikokuwa dereva kwa miaka ishirini na sita, walilijua pia, na kila walipomaliza kupanga trei walimwita kwa sauti: "Mzee, tayari."

Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Mtaani na kazini aliitwa Rivasi, kwa sababu hakuwahi kuingiza gari mahali popote kwa kutanguliza pua. Uwanja wa kiwanda, ua wa nyumbani, uchochoro wa maduka ambamo kuta mbili zimebanana hadi paka wawili wakikutana lazima mmoja arudi, kote aliingia kinyumenyume. Mlango wa dereva ulikuwa wazi nusu, kichwa nje, mkono mmoja kwenye usukani, macho yameganda kwenye gurudumu la nyuma. Vioo vya pembeni vilipita ukuta kwa nafasi ya kidole.

"Huyu alizaliwa akitanguliza miguu," mwenye duka mmoja alizoea kusema.

"Hata mkunga alilalamika," Baba Mkubwa alijibu, huku akiendelea kurudi nyuma.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza chuo na nilikaa kwao nikisubiri kazi. Asubuhi nyingi nilipanda naye gari la mikate, nikamsaidia kushusha trei. Ndivyo nilivyokuwapo siku mpakiaji mgeni, mwanamume mwenye ndevu nyingi aliyetoka kwenye ghala la saruji, alipofunga milango ya nyuma na kuipiga makofi mawili makubwa, pa, pa, kama alivyozoea huko alikotoka.

Gari lilikuwa limeanza tu kutembea. Baba Mkubwa alikanyaga breki kwa nguvu hadi trei zikateleza na mikate ikamwagika. Alishuka, akazunguka nyuma, akainama kuangalia chini ya magurudumu, kisha akafungua milango na kutazama ndani, trei moja moja, kama mtu anayemtafuta mtu. Mwisho ndipo alipomwona yule mwenye ndevu.

"Umeumia?" alimuuliza.

"Hapana, mzee. Nilikuwa nakuambia twende."

"Mdomo unao?"

"Ninao."

"Mzuri kabisa. Utumie."

Wapakiaji walicheka, na msimamizi wa zamu akamvuta mgeni pembeni kumweleza sharti. Mimi sikucheka. Tuliporudi ndani ya gari nilimwona Baba Mkubwa akishindwa mara tatu kuingiza ufunguo mahali pake. Nilidhani ni mambo ya umri. Alikuwa na miaka hamsini na saba.

Wiki iliyofuata barua ilikuja. Ilitumwa kwa anwani ya kiwanda, naye akaileta nyumbani ndani ya mfuko wa chakula, katikati ya mikate miwili, bado imefungwa. Aliiweka mezani na kukaa mbali nayo. Ilikuwa na mhuri wa jeshi. Mama Mkubwa alivaa miwani, akaifungua kwa kisu cha jikoni, akaisoma hadi mwisho, kisha akaanza tena mwanzo.

"Mume wangu," alisema taratibu, "hawa wamekosea mtu."

"Soma jina."

"Jina ni lako. Namba ya jeshi ni yako. Lakini hapa wanasema watakupa Nishani ya Ushujaa. Wewe juzi umeniita nije nimtoe mjusi bafuni."

"Yule mjusi alikuwa mkubwa."

"Wanasema uliwaokoa majeruhi kumi na tisa chini ya mashambulizi ya adui." Alishusha miwani. "Kumi na tisa. Na mimi nimekaa na wewe miaka thelathini, najua tu kwamba ulikuwa dereva wa kupeleka maji, na kwamba mguu wako uliumia kwenye mpira."

Baba Mkubwa alisimama, akachukua mkate mmoja, akaanza kuukata vipande ambavyo hakuna aliyeviomba.

"Siendi," alisema.

Siku tatu hatukupata zaidi ya hapo. Mama Mkubwa alijaribu kwa upole, kisha kwa utani, kisha kwa kununa, na kununa kwake si jambo dogo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa redio ya nyumba ile. Jumapili mchana alikuwa akichekecha unga mezani, mimi nikichambua mchele, Baba Mkubwa alipoingia kutoka kuosha gari. Alivuta kiti. Unga mwingi ulikuwa umemwagika juu ya meza. Aliutandaza kwa kiganja ukawa bapa, kisha akaweka vidole viwili na kuvivuta kuelekea kwake. Ikabaki mistari miwili iliyokwenda sambamba.

"Hii ni njia ya magurudumu ya lori langu," alisema. "Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu."

Mama Mkubwa aliacha kuchekecha.

Alituambia kwamba kikosi chao kilishikilia kituo kimoja juu ya kilima, na barabara ya kwenda huko ilikuwa ya udongo, imetegwa mabomu kila mahali. Askari wa kutegua mabomu walikuwa wamesafisha mstari mmoja tu, upana wa lori, wakaupigia vigingi vyenye utepe mweupe pande zote mbili. Alfajiri ile, mvua ikiwa imenyesha, alipanda kilima na maji na risasi akiufuata utepe. Magurudumu yalizama kidogo katika udongo laini na kuacha alama safi. Alipofika juu na kuanza kushusha mzigo, mizinga ikaanza.

"Mizinga ile ilipiga saa moja bila kupumzika," alisema. "Ilipotulia kidogo, uwanja wa kugeuzia lori haukuwapo tena. Mashimo matupu. Vigingi na utepe vimerushwa huku na huko, vingine vinaungua. Luteni akaniambia, pakia majeruhi, shuka nao, kituo hiki kinaangushwa. Nikamwambia, afande, siwezi kugeuza. Akaniambia, basi usigeuze."

"Usigeuze vipi?" niliuliza.

Aligusa ile mistari ya unga. "Palikuwa na mahali pawili tu katika kilima chote ambapo nilikuwa na hakika hapana bomu. Hapa na hapa. Pale magurudumu yangu yalipopita asubuhi, na mimi bado niko hai. Kwa hiyo nirudi palepale. Kinyumenyume, matairi ndani ya alama zake yenyewe, hadi barabara kuu. Kilomita nne."

Mama Mkubwa aliweka chekeche chini, kwa utaratibu, kama kwamba kelele yoyote ingeweza kulipua kitu.

Kioo cha upande wa pili kilikuwa kimevunjwa na risasi. Nyuma palikuwa na turubai, na moshi. Kwa kufungua mlango na kutoa kichwa aliweza kuona gurudumu la upande wake tu, tena kwa shida. Basi kabla ya kuondoka alipaza sauti kwa wale waliolala nyuma: nani anaona njia? Sauti moja ikajibu kutoka kwenye mlango wa nyuma: mimi. Akawaambia wote wasikie. Gonga bodi mara moja, nyuma ya lori iende upande wangu. Mbili, iende upande wa pili. Tatu, simama. Kimya, endelea. Tukishasimama, mkigonga tena naanza. Ndivyo madereva na wasaidizi wao wanavyofanya kila siku katika maghala na masoko. Hakukuwa na jipya lolote, isipokuwa mahali.

"Alikuwa na bakuli la bati la chakula," Baba Mkubwa alisema. "Lile la jeshi. Aligonga nalo. Ko. Nikakunja kidogo. Ko ko. Nikarudisha. Sikuona uso wake. Nilimjua kwa mkono tu. Alikuwa na mkono wa fundi, hagongi mapema, hagongi kwa kuchelewa. Na kila palipokuwa kimya nilijiuliza, kimya hiki ni cha njia nzuri, au ni cha mtu aliyekata roho?"

Nimesoma vitabu vingi shuleni vilivyoeleza vita, na katika vyote shujaa alikwenda mbele. Sikuwahi kufikiria ushujaa wa mtu anayerudi nyuma taratibu kuliko mwendo wa mtu mzima anayetembea, huku risasi zikipasua turubai, huku kipande cha chuma kimemwingia kwenye shavu la mguu wa klachi, na yeye hana ruhusa ya kuongeza kasi hata kidogo, kwa kuwa kasi ingemtoa kwenye alama. Ilimchukua saa mbili na nusu. Saa mbili na nusu shingo imepinda.

"Sasa mbona husemi kwamba unakwenda kuchukua haki yako?" Mama Mkubwa aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Baba Mkubwa aliweka kidole katikati ya mistari. "Hapa palikuwa na korongo. Bomu lilianguka karibu, masikio yakaziba, udongo ukanifunika. Nikasimama. Nilifumba macho, mama. Nilishika usukani na kufumba macho kama mtoto. Dakika kumi, pengine zaidi. Sikuweza kuinua mguu. Halafu nikasikia ko, moja tu, nikaondoka. Lakini mkono ulikuwa umebadilika. Ulikuwa dhaifu. Na ukaendelea kudhoofika njia nzima, hadi mwisho ilikuwa kama mtu anayegusa tu kwa ukucha. Alikuwa anavuja damu, na mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye korongo na macho yangu yamefumbwa. Nilipofika barabara kuu nilizimia. Nilipozinduka, siku mbili zimepita, wamegawanywa hospitali tatu. Wanne walikuwa wamekufa. Niliuliza kila mtu, aliyekuwa akigonga ni nani? Yuko wapi? Hakuna aliyejua."

Alifuta ile mistari kwa kiganja.

"Dakika kumi zangu zilimuua," alisema. "Unataka nikazivalie koti?"

Sasa sote tulielewa kwa nini hakutaka mtu agonge gari lake.

Kuna jambo jingine, ambalo yeye alilitaja kama kichekesho. Aliporudi kambini hakuna aliyempa mkono. Luteni aliyemtuma alikuwa amefia kilimani, na sajini wa karakana alipofungua giaboksi alikuta meno ya gia ya rivasi yameisha kabisa. Aliandika ripoti: uzembe, gari limeendeshwa kinyumenyume kwa umbali unaokadiriwa kuwa kilomita nne bila sababu inayojulikana. Baba Mkubwa alifungiwa kambini siku saba. Hakujitetea. Aliona adhabu hiyo ni ndogo kuliko aliyostahili.

Siku iliyofuata, jioni, nilitoka uani ambako udongo ulikuwa na unyevu. Nilitembea hatua ishirini mbele, kisha nikajaribu kurudi kinyumenyume nikikanyaga katika nyayo zangu mwenyewe. Hatua ya sita nilikuwa nimeshatoka nje. Na mimi sikuwa na mtu wa kunipiga risasi.

Aliyemtoa nyumbani si mke wake wala mimi, ni karani wa jeshi. Alipiga simu Jumatano kuuliza kama barua imefika. Mama Mkubwa aliweka simu mezani, sauti wazi, ili Baba Mkubwa asiweze kusingizia kwamba hakusikia. Karani alikuwa msichana, kwa sauti hakunizidi umri. Alieleza kwamba kazi yake ilikuwa kuingiza mafaili ya zamani kwenye kompyuta, na katika mafaili ya karakana alikuta ile ripoti ya gia.

"Nilijiuliza, mzee, mtu mwenye akili timamu anaendeshaje kinyumenyume kilomita nne bila sababu," alisema. "Nikachukua namba ya lori na tarehe, nikatafuta kwenye madaftari mengine. Nikaikuta kwenye daftari la hospitali. Namba ileile, siku ileile, majeruhi kumi na tisa. Nilikaa pale kwenye kiti nikasahau hata kwenda kula."

Baba Mkubwa alisogea karibu na simu. "Binti, katika hao kumi na tisa, mnao walio hai?"

"Tumewapata watano. Wawili wamesema watakuja."

"Aliyekuwa akigonga yumo?"

"Sijui habari za kugonga, mzee. Hakuna karatasi iliyoandika hilo."

"Basi nitakuja kuwauliza," alisema, akaenda kuoga.

Siku ya kutunukiwa nishani, msimamizi wa zamu alimruhusu kutumia gari la mikate. Kwa hiyo tulifika kambini ndani ya gari la njano lenye picha ya mkate ubavuni, Baba Mkubwa kwenye usukani na koti aliloazima kwa jirani, lililombana mabegani. Askari wa getini alinusa kwanza, kisha akasalimia.

"Shikamoo, mzee. Mikate inapelekwa mlango wa jikoni."

"Marahaba. Leo sikuleta mikate."

"Umeleta nini?"

"Amejileta mwenyewe," Mama Mkubwa alisema kutoka kiti cha pili. "Tazama orodha yako, mwanangu, usitucheleweshe."

Askari alitazama orodha. Aliposoma jina alisimama wima ghafla, akapiga saluti, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mtu akilipigia saluti gari la mikate. Alituonyesha nafasi kati ya magari mawili meusi ya wakubwa, yaliyong'aa kama viatu vipya. Alitaka tuingie kwa mbele, ndiyo rahisi. Baba Mkubwa alitoa kichwa nje na kuingia kinyumenyume, kwa mkupuo mmoja, na madereva wa magari meusi wakaacha mazungumzo yao kutazama.

Ndani ya ukumbi palikuwa na viti vya plastiki, feni mbili za dari, na jukwaa dogo lenye zulia jekundu. Waliotunukiwa siku hiyo walikuwa sita. Wa sita alikuwa yeye. Karani mwenyewe ndiye aliyesoma maelezo, sare yake imenyooshwa. Alisoma bila madoido. Alitaja urefu wa njia, muda, hali ya hewa, idadi ya mashimo ya risasi yaliyohesabiwa kwenye bodi ya lori, ambayo yalikuwa sitini na moja. Alisema kwamba majeruhi kumi na watano kati ya kumi na tisa waliishi. Kisha akasoma kwamba askari huyo aliadhibiwa kwa kitendo kilekile anachotunukiwa leo, na kwamba adhabu hiyo imefutwa. Feni zilisikika zikizunguka. Nilimtazama Mama Mkubwa. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, amenyooka kama naye yuko gwaride.

Jenerali aliyembandika nishani alikuwa mdogo kwake kwa umri. Alimwinamia na kumuuliza kitu, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa karibu, sote tulisikia.

"Mzee, uliwezaje?"

"Nilifuata nilikotoka, afande."

Watu walicheka, kisha wakasimama, mstari kwa mstari, hadi ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Yeye hakuwa akiwatazama. Alikuwa akitafuta nyuso za wazee.

Aliwapata kwenye meza ya chai. Wa kwanza alikuwa mnene, mwenye fimbo, akamkumbatia kwa muda mrefu na kumwambia kwamba alilala kifudifudi safari nzima na hakuona chochote ila buti la mwenzake. "Lakini nilisikia," alisema. "Hadi leo mvua ikigonga bati siwezi kulala." Wa pili alikuwa mwembamba, mkono wa kushoto wa shati lake umekunjwa na kubanwa kwa pini. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukigonga?" Baba Mkubwa alimuuliza. Hakumwamkia hata kidogo, na kwa mtu wa adabu zake hilo lilinitisha.

"Nilikuwa wa mwisho," Mwalimu alisema.

"Wa mwisho vipi?"

"Tulikuwa watatu."

Baba Mkubwa alishika ukingo wa meza. Mama Mkubwa alimsogezea kiti, akakaa. Mwalimu naye akakaa, akaweka kikombe chake chini, akaeleza kama anavyoeleza darasani, hatua kwa hatua.

Wa kwanza alikuwa mtegua mabomu waliyemwita Utepe. Ndiye aliyepiga vigingi vya njia ile kwa mikono yake, kwa hiyo alijua kila kona. Alikuwa na jeraha la tumbo, naye alijua maana yake. Wa pili alikuwa mpishi wa kombania, aliyevunjika mguu. Wa tatu alikuwa yeye.

"Pale kwenye korongo," Mwalimu alisema, "maji ya mvua yalikuwa yamefuta alama. Chini kote palikuwa laini, hapana mstari. Utepe akagonga tatu. Ukasimama."

"Hapana," Baba Mkubwa alisema. "Nilisimama kwa woga. Sikusikia kitu. Masikio yalikuwa yameziba."

"Masikio yamesahau. Mguu wako ulisikia. Bomu lilianguka baada ya zile tatu, ukiwa umeshakanyaga breki. Nilikuwa nimelala ubavuni mwake, bega langu kwenye bodi ileile. Aligonga tatu."

"Hunidanganyi ili nilale usingizi?"

"Mzee mwenzangu, nimefundisha hesabu miaka ishirini na minane. Tatu ni tatu."

Mwalimu aliendelea. Katika zile dakika, Utepe alijivuta hadi kichwa chake kikaning'inia nje ya mlango wa nyuma, akatafuta kwa macho katika moshi hadi akaona kigingi kimoja kilichobaki. Akamwambia mpishi gurudumu lipite wapi. Akampa bakuli la bati mkononi, akamfungia vidole. Kisha akafa.

"Ungeondoka mapema, tungekwenda pembeni na wote tungeishia pale," Mwalimu alisema. "Wewe unaziita dakika za woga. Sisi kule nyuma tulikuwa tunaomba usiondoke kwanza."

Mpishi aligonga hadi alipozimia kwa maumivu. Mguu ulimwondolea nguvu, ndiyo maana mkono wake ulikuwa mwepesi. Alipona, akazeeka, akafa miaka minne iliyopita akiwa na wajukuu. Alipozimia bakuli lilidondoka barabarani.

"Nilikuwa na mkono mmoja tu uliobaki, na sikuwa na kitu cha kugongea," Mwalimu alisema, akakunja kidole cha shahada na kuonyesha kifundo chake. "Nikatumia hiki. Samahani kama hukusikia vizuri."

"Nilisikia," Baba Mkubwa alisema. Alikuwa akilia bila kujificha. "Nilisikia kila moja."

Miaka thelathini na minne alikuwa amebeba kifo cha mtu mmoja aliyedhoofika taratibu mgongoni mwake. Mtu huyo hakuwapo. Walikuwapo watatu, na kila mmoja alishika zamu pale mwenzake alipoishia. Nilimtazama yule mzee mwembamba na kidole chake, nikamtazama Baba Mkubwa katika koti la kuazima, na sikujua niweke wapi macho yangu.

Mwalimu aliishi mbali na basi lake lilikuwa la kesho yake, kwa hiyo Mama Mkubwa alimpakia garini kabla hajamaliza kukataa. Nilikaa nyuma kwenye trei tupu, karibu na kidirisha cha kutazamia mbele. Njiani wale wawili waliongea mambo ya kawaida kabisa: magoti, bei ya miwani, watoto wasiopiga simu.

Tulipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu. Mlango wa ua wetu umebanwa kati ya ukuta na tangi la maji, na Baba Mkubwa, kama kawaida, alipita mbele kidogo ili aingize gari kinyumenyume. Aliweka gia. Alifungua mlango nusu na kutoa kichwa.

Mwalimu alifungua mlango wa upande wake, akashuka.

"Unakwenda wapi?" Mama Mkubwa alimuuliza.

"Nyuma," alisema.

Jirani aliyekuwa akianika nguo aliona mahali Mwalimu aliposimama na mkono wake ulivyoinuka. Akaanza kumwonya kwamba gari lile haligongwi. Mama Mkubwa alimfanyia ishara anyamaze. Mimi, ndani, kwenye trei, nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye bati ambalo kidole kile kilikuwa kinalikaribia.

Ko.

Usukani ulizunguka upande wa dereva. Gari lilirudi polepole, bila mtikisiko.

Ko ko.

Likarudi upande wa pili. Tangi la maji lilipita karibu na kioo, likabaki mbele. Halafu pakawa kimya, na katika kimya kile gari liliendelea kurudi, mita kwa mita, na nilijua kwamba mle mbele kuna mtu ambaye safari hii haulizi kimya hicho maana yake nini.

Ko, ko, ko.

Baba Mkubwa alikanyaga breki. Alizima injini, akakaa na mikono juu ya usukani, nishani ikining'inia kwenye koti la jirani.

"Umesikia?" Mwalimu aliuliza kutoka nyuma.

"Nimesikia," alisema. "Tatu."